Kuku Waliyemchora Juu ya Ditram

Juzi nilikuwa duka la vifaa vya shule, nimesimama na madaftari ya binti yangu mkononi, muuzaji akafungua kifuniko cha maka peni nyeusi amwonyeshe mteja kwamba inaandika. Harufu ile ikanifikia. Nikayaweka madaftari mezani nikatoka nje kwanza, maana najijua. Wapo watu wakinusa maka peni wanaumwa kichwa. Mimi napandwa na hasira, hasira ileile ya darasa la nne, haijapungua hata kidogo, na wala sina mpango wa kuipunguza.

Nyinyi wa rika langu mliosoma shule za msingi pale Songea mnalikumbuka somo la Stadi za Kazi. Kwenye ratiba liliandikwa vizuri kabisa, Ijumaa, vipindi viwili. Lakini kwetu Stadi za Kazi ilikuwa jembe. Ilikuwa kumwagilia mchicha wa walimu, kufyeka nyuma ya vyoo, na kuchota maji ya kupeleka nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, ambako mke wake alisimama mlangoni kukagua kama ndoo imejaa. Stadi tulizipata, siwezi kukataa. Mtoto wa darasa la nne alikuwa anainua tuta la mboga limenyooka kuliko la baba yake, ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika brashi ya rangi.

Ndipo akaja Mwalimu Osmunda. Alihamishiwa kwetu katikati ya muhula, mwanamke mfupi, sauti nzito, anaingia darasani na kandambili kama yuko jikoni kwake. Ijumaa yake ya kwanza tukajipanga nje na majembe yetu, tunasubiri kupangiwa matuta. Akatoka, akatukagua kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Haya majembe ya nini? Nani kawaambia mimi nina shamba hapa?"

Tukayaangalia majembe yetu.

"Rudisheni. Ijumaa ijayo kila mtu aje na rangi."

Kastory, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema, "Mwalimu, rangi hatuna."

"Hamna? Mnatembea juu ya rangi kutwa nzima, miguu yenu imejaa rangi mpaka magotini, halafu mnaniambia hamna!"

Tukatazama miguu yetu. Kweli, ilikuwa myekundu.

Basi tukaanza kuokoteza. Udongo mwekundu tulichimba nyuma ya darasa, mweusi tukapata kwa kuponda mkaa. Waliobahatika walileta manjano ya kupikia kwenye karatasi, mimi nikaiba nyumbani kipande cha bluu ya kufulia. Brashi zilikuwa vijiti tulivyovitafuna ncha kama mswaki. Karatasi? Mifuko ya saruji. Pale Majengo kulikuwa na watu wanajenga, tukawa tunaiokota, tunaichana, tunachukua zile karatasi za ndani na kuzipangusa vumbi. Rangi tulizikoroga na uji mwepesi wa muhogo ili zishike.

Udongo mweupe ulikosekana, na aliyeuleta ni mama yangu. Mama alizaliwa Maposeni, na usichana wake wote kila baada ya mavuno walikuwa wanapaka nyumba kwa viganja, nyekundu chini, nyeupe juu, na katikati mistari ambayo kila nyumba ilikuwa na ya kwake. Mjini alikuwa anauza dagaa wa Nyasa, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za viganja vyake. Nilipomwambia kuna mwalimu anatafuta udongo mweupe, aliendelea kupanga mafungu yake. Alipokwenda kwao akarudi nao nusu ndoo, kwenye ndoo ileile ya dagaa, na darasa letu likanuka samaki wiki mbili.

Siku ya kwanza ya kupaka rangi, Mwalimu Osmunda alibandika karatasi ubaoni, akachovya kitambaa kwenye nyekundu, akakipitisha mara moja kwa mkono mzima, kutoka kona hadi kona. Rangi ilikuwa nyepesi, mchirizi mmoja ukashuka mpaka chini. Akatugeukia. "Haya, na nyie. Sitaki mti, sitaki nyumba, sitaki ng'ombe. Sitaki kitu. Fanyeni mnavyojisikia."

Tukainama. Zaidi ya watoto sabini, hata kikohozi hakisikiki. Tulipomaliza akapita kukusanya, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia dawati. Wote, bila kukosa mmoja, tulikuwa tumechora mstari mwekundu kona hadi kona na mchirizi mmoja kushuka chini. Wapo waliopima kwa rula. Mimi nilijivunia sana kwamba mchirizi wangu ulikomea palepale pa mwalimu.

Kisha akaacha kucheka. Akazitazama zile karatasi muda mrefu. "Nani amewafanya hivi?" akauliza.

Tukadhani ni swali. Kastory akanyoosha kidole. "Mwalimu wa darasa la tatu."

Leo nikikumbuka nacheka, halafu nakasirika katikati ya kicheko. Watoto wa miaka kumi, na tayari tulikuwa tumefundishwa kwamba hata tone lililoanguka kwa bahati mbaya, kama limeanguka kwa mwalimu, ni jibu sahihi.

Ilituchukua wiki kadhaa mpaka tukamwelewa. Kwanza tulieneza maneno kwamba hajui kuchora. Ndivyo tulivyoamini: chuoni walimwambia achore ng'ombe akashindwa, ndiyo maana anatuambia tusichore kitu. Maneno yakamfikia. Hakugomba. Alichukua mkaa, akamtazama Kastory, na kwa mistari mitatu minne Kastory akawa ubaoni, na masikio yake, na ule mdomo ulio tayari kusema. Tulipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Akafuta. "Haya ya kuonekana yanaonekana," akasema. "Mimi nataka yale msiyoweza kuniambia kwa mdomo."

Hapa inabidi niwaambie habari za mdogo wangu.

Ditram alikuwa na miaka mitatu. Tulilala kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye upande wa nje. Masika yale aliugua homa siku chache tu. Mimi nikapelekwa kulala kwa jirani, na niliporudi nyumbani kulikuwa na viti vya watu, halafu viti vikaondoka, na Ditram hakuwepo. Nikauliza. Shangazi akanijibu haraka, "Amekwenda kwa bibi Maposeni." Na mimi nikaamini, kwa sababu ni mtu mzima aliyesema, na watu wazima hawasemi uongo, sivyo? Alikuwa Maposeni kweli. Walikuwa wamemzika huko.

Miezi mizima nilimkasirikia yule mtoto. Nilimwona kwa bibi anakunywa togwa, anabebwa mgongoni, wakati mimi naosha vyombo peke yangu. Baba alikuwa Lusewa kwenye tumbaku yake, anarudi mara moja moja, ananishika kichwa, anaondoka. Nyumbani hakuna aliyemtaja Ditram. Nikadhani na wao wamemkasirikia. Hivi jamani, mtu anamfanyiaje mtoto hivyo? Walidhani wananikinga, kumbe waliniacha nigombane na maiti. Shangazi yangu nimemsamehe. Nimemsamehe kwa taabu.

Ijumaa moja Mwalimu Osmunda alisema, "Leo nataka asubuhi ya kwenu. Kabla jua halijaingia ndani, kabla hujaamka vizuri. Sitaki kitanda wala dirisha. Nataka ile asubuhi yenyewe."

Mimi asubuhi yangu naijua. Nilikuwa nikifumbua macho chumba kizima ni giza la bluu, na kitu pekee kinachoonekana ni fulana nyeupe ya Ditram, inapanda na kushuka. Basi nikapaka bluu yote niliyokuwa nayo, nikaipitishia mkaa, nikaisugua na udongo mpaka ikawa nzito. Halafu katikati, upande wa nje, nikaweka udongo mweupe wa Maposeni kwa kiganja. Mara moja tu. Hakukuwa na kichwa wala mikono. Palikuwa peupe tu.

Mwalimu akasimama nyuma yangu. Hakuuliza ni nini. Ndicho nilichompendea mwanamke yule, hakuwahi kuuliza hii ni nini. Alisema, "Hapo peupe usipaguse tena." Akaipeleka dirishani ikauke.

Mchana ule mama alikuja na udongo mwingine. Akaingia, akamwamkia mwalimu, akatua ndoo, akaiona picha. Mama yangu hakumaliza darasa la tano. Alisimama mbele ya karatasi ile ya saruji kitambo, kisha akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani.

"Fulana yake," akasema.

Halafu akanitazama. "Kumbe unajua."

"Najua nini, mama?"

Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba nilikuwa sijui. Lakini alikuwa ameshasema, na mama si mtu wa kurudisha neno. Akanivuta, akaniambia palepale, kwa sauti ndogo, kwa Kingoni, ambacho sisi watoto wa mjini hakutusemesha mara nyingi. Kwamba Ditram harudi. Kwamba hakunikimbia. Nililia mpaka pua ikaziba, na Mwalimu Osmunda akawatoa wenzangu nje, wakacheze, na yeye akatoka nao.

Kabla hajaondoka mama alimwomba mwalimu picha ile. Nyumbani hatukuwa na picha ya Ditram hata moja. Mpiga picha alikuwa wa kumwita, na nani humwita mpiga picha kwa mtoto wa miaka mitatu, unajua utakuwa naye miaka yote. Mwalimu akasema, "Chukua, mama, ni yako. Ila naomba ibaki mpaka Siku ya Wazazi, wiki mbili tu, watu waone watoto wanachoweza. Siku hiyohiyo utaondoka nayo." Mama akakubali. Alikuwa ameshachagua ukuta wa kuibandika.

Sasa nifike kwenye lile linalonipandisha presha.

Mwalimu Osmunda alifiwa kwao, akaomba ruhusa, akaondoka. Huku nyuma Mwalimu Mkuu akaingia darasani kwetu kukagua picha za maonyesho. Akazipitia moja moja, uso umemkunjamana. "Hii nini? Na hii? Mgeni rasmi akiniuliza hii nini nimjibu matope?" Akazibeba zote kupeleka ofisini. Jumamosi tuliitwa kufagia uwanja, na kutoka ofisini tukasikia mkwaruzo, kwi, kwi, kwi. Tukachungulia. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinama juu ya meza na maka peni nyeusi, harufu yake imejaa mpaka dirishani, ulimi umetoka kidogo pembeni, anafurahi! Nyekundu ya Kastory alikuwa anaizungushia mstari, anaitia miguu minne na mkia. Chini akaandika NG'OMBE. Mtu mzima yule alikuwa anachora kwa raha kabisa, kama mtoto aliyenyimwa kuchora maisha yake yote, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini achore karatasi yake! Mifuko ya saruji ilikuwa imejaa Majengo nzima.

Ya kwangu sikuiona siku ile. Niliiona Siku ya Wazazi, imening'inizwa mbele ya meza kuu yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Pale peupe palikuwa pametiwa mdomo, jicho, kilemba, miguu miwili na kucha zake. Chini, kwa herufi kubwa: KUKU. Na juu, utepe wa mshindi wa kwanza.

Nikaitwa. Nikapita katikati ya wazazi. Mama alikuwa benchi la tatu, amevaa kitenge chake cha kanisani, na alikuwa ameshaiona, najua, kwa sababu alikuwa ameshika ncha za kitenge kwa mikono miwili. Mwalimu Osmunda alikuwa amerudi asubuhi ileile na kichwa kimenyolewa cha msiba, amesimama pembeni karibu na spika, midomo ameibana. Mgeni rasmi akaniinamia, akaninyooshea maiki.

"Haya, mtoto mzuri, tuambie. Hii ni nini?"

Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma yake, ananitikisia kichwa kunihimiza, na fimbo yake ya kila siku kwapani. Watu mia ngapi wananitazama. Jibu limeandikwa chini kwa herufi kubwa.

"Ni kuku," nikasema.

"Na kuku ana faida gani?"

"Anatupatia nyama na mayai."

Walipiga makofi! Walipiga vigelegele! Nikapewa daftari kubwa na kalamu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile, na sijali nani ananiambia nilikuwa mtoto.

Watu walipoanza kula pilau, mama alimfuata Mwalimu Mkuu, akapiga goti kidogo kama ilivyo kwetu. "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa naomba ile picha."

"Marahaba, mama, hongera! Una mtoto mwenye kipaji. Lakini picha ya mshindi inabaki shuleni, nitaitundika ofisini kwangu."

Mwalimu Osmunda akajitokeza. "Mkuu, picha hiyo ni ya mama huyu. Nilimwahidi. Huwezi kujua ni nini kwake."

"Ni nini kwake? Ilikuwa matope hiyo, mwalimu. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Nilimtazama mama. Nilitaka aseme. Nilitaka apige kelele, amtaje Ditram mbele ya watu wote wale na sahani zao. Lakini utamtajaje mtoto wako aliyekufa kwa mtu anayetafuna mfupa na kutabasamu? Akasema, "Asante, mwalimu," akanishika mkono, tukaondoka. Njia nzima hakunilaumu hata mara moja. Bora angenizaba kibao.

Ijumaa iliyofuata majembe yakarudi. Mwalimu Osmunda alipelekwa kufundisha darasa la kwanza kuhesabu, na muhula ulipoisha akahamishwa, sikumwona tena. Mama akaanza kupeleka dagaa pale shuleni, kuwauzia walimu. Mara moja kwa mwezi, na kila mara ofisini kwa Mwalimu Mkuu ndiko alikomalizia. Walimu walimtania: mama huyu anampenda kuku wetu, hodi yake haiishi! Mimi nilikuwa napita dirishani namwona amesimama na ndoo kichwani, anatazama ukuta. Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Mama, si wameshaiharibu? Unakwenda kuangalia nini?" Akajibu, "Huyo kuku mimi simwoni. Naangalia pale ulipoweka mkono."

Nilikuwa sekondari ofisi ilipopakwa rangi upya. Makaratasi ya zamani yote yakachomwa nyuma ya vyoo. Mama alikwenda na dagaa zake, akakuta ukuta mtupu, akarudi, akaosha ndoo, akapika. Tulipokula ndipo akaniambia.

Mama bado ana meza yake sokoni. Miezi michache iliyopita nilikuwa nimekaa naye, namsaidia kupanga mafungu, akaja mzee mmoja na fimbo ya kutembelea. Mwalimu Mkuu. Siku hizi amestaafu, ni mteja wa mama wa miaka yote, mimi tu ndiye sikuwa nimekutana naye. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo, maana tumelelewa. Akanikazia macho, kisha uso ukamchangamka.

"Marahaba! Wewe si ndiye uliyetuchorea yule kuku? Kuku mzuri yule! Nimemkumbuka mara nyingi."

"Hakuwa kuku, mwalimu," nikasema. "Alikuwa mdogo wangu, Ditram. Alikufa ana miaka mitatu, na picha nyingine hatukuwa nayo."

Kwa kweli alishtuka, sitamsingizia. Halafu akasema, "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi, mwalimu? Nilikuwa na miaka kumi. Uliniuliza na jibu ulikuwa umeshaandika."

Akageuka kwa mama, kama mtu anayetafuta mwenzake wa rika amwokoe kwa huyu mtoto mwenye mdomo. Akacheka kidogo, akanyoosha mfuko wake. "Haya mama, tuyaache hayo ya zamani. Nipe fungu mbili kama kawaida."

Mama alimtazama. Mezani dagaa zilikuwa zimejaa, mafungu kumi na kitu, nyingine bado ziko kwenye ndoo. Akachukua gunia, akalikung'uta, akaifunika nalo meza yote, kona hadi kona, na kukaa.

"Dagaa zimeisha, mwalimu," akasema.